Mlisomesha Mlevi

Wacha nianze na sentensi yenyewe, maana nimeibeba miaka miwili na imenichosha mgongo. "Mliacha mwenye akili, mkasomesha mlevi." Niliambiwa hivyo na mzee mmoja kwenye kituo cha kuuzia majani chai, hapa karibu na Masimba, tukiwa tumekalia magunia yetu tukingoja lori la kiwanda. Hakuwa na hasira. Aliisema kwa huruma, kama mtu anayekupa pole ya msiba. Nikaitikia tu, "Ndiyo, mzee," kwa sababu nilifundishwa kwamba mzee hajibiwi mbele ya watu. Jibu lenyewe ndilo hili. Limechelewa, lakini limekuja refu.

Hesabu ya mzee ilikuwa sawa. Nilikuwa nimebakisha semesta mbili chuoni. Karo ilikuwepo: bonasi ya chai ilikuwa imeingia, na mama alikuwa ameuza mtamba wake wa pekee. Pesa hizo zote zikaenda kwa kaka yangu mkubwa, siku 90 katika kituo cha kibinafsi. Akatoka, akakaa miezi minne bila kuonja, halafu akalewa tena kijiji kizima kikiona. Mimi nikabaki nyumbani, nikawa yule kijana wa laptopu anayeandikia watu makala kwa kulipwa kwa neno. Ukitazama kwa macho ya pale kwenye magunia, tulitupa pesa mara mbili.

Nasema hatukutupa hata shilingi. Na sisemi hivyo kwa sababu ya undugu. Undugu ulikuwepo miaka yote na haukumsaidia. Nasema hivyo kwa sababu nilipokosa darasa nilisoma juu ya jambo moja tu, ubongo wa mtu mwenye uraibu, na nikagundua kwamba karibu kila kitu tulichomfanyia kaka yangu kabla ya zile siku 90 kilikuwa ni ujinga. Kimoja nusura kimuue.

Angalia jina kwanza. Redioni, magazetini, kwenye vibao vya barabarani, mahali pa kutibu uraibu panaitwa kituo cha kurekebisha tabia. Tabia! Mwenye kisukari anapenda soda na maandazi, lakini hatujawahi kusikia kliniki ya kisukari ikiitwa kituo cha kurekebisha tabia za kula. Anaenda hospitali, anapimwa, anapewa dawa, na akikosea Krismasi akala keki, anarudi kliniki Januari na hakuna anayemwitia baraza. Kwa mlevi, jina lenyewe limeshatoa hukumu. Ukishaamua kuwa ugonjwa ni tabia, matibabu yake unayajua tayari: fimbo, aibu, maombi na polisi.

Tulizipitia zote nne. Fimbo ilikuwa ya baba zetu wadogo. Aibu alipewa bure na kila mtu. Alikamatwa kwenye msako, akalala seli, tukachanga faini, akatoka akitetemeka na kwenda moja kwa moja mahali alipokamatiwa. Kuhusu maombi sitadhihaki, na atakayesoma makala hii akitafuta kejeli ya kanisa apitilize. Akina mama wa kanisa la mama ndio watu pekee walioketi naye, wakamletea uji, wakamwita kwa jina lake. Hilo nalo ni tiba. Lakini walipomaliza kuomba walituambia ameponywa, asishike tena chupa kuanzia saa ileile, na sisi tukaamini kwamba mtu anaweza kuacha chang'aa ya miaka tisa saa ileile.

Basi Jumamosi moja wazee wa familia wakakutana. Uamuzi: afungiwe kwenye stoo ya mahindi mpaka "akauke". Alikuwa amekunywa mara ya mwisho mchana wa siku hiyo. Tukamwekea godoro, ndoo, maji na chapati. Nilifunga kufuli mimi mwenyewe, nikiwa nimekuja nyumbani wikendi, mwanafunzi wa chuo, mwenye akili.

Jumapili asubuhi alikuwa anatetemeka na kutokwa jasho kama mwenye malaria. Tukasema pombe inatoka. Usiku akaanza kuwaona wadudu wakipanda ukutani, akawa anawafagia kwa mkono. Kisha akaanza kuzungumza na mtu aliyefariki. Shangazi mmoja akasikia, akashika kichwa, akasema huyu mtoto amerogwa, na akataja jina la omong'ina mmoja, jirani yetu. Nataka usimame hapo kidogo. Hii ni kaunti ambako mnamo Oktoba 2021, kule Marani, akina mama wanne wazee waliuawa na kuchomwa kwa tuhuma za uchawi. Jina likitajwa usiku, asubuhi linaweza kuwa na petroli. Namshukuru Mungu shangazi alinyamazishwa.

Jumatatu alfajiri akapatwa na degedege. Mwili mzima. Aliuma ulimi, damu ikajaa godoroni. Tukamfunga kwa leso katikati ya watu wawili kwenye boda boda na kumkimbiza hospitali. Muuguzi akauliza, "Alikunywa lini mara ya mwisho?" Baba mdogo akajibu kwa fahari, "Jumamosi mchana, sista! Hajaonja siku mbili!" Yaani alitarajia pongezi. Yule muuguzi akatutazama tu, akamwita mwenzake haraka.

Kilichokuwa kimetokea ni hiki, na ningetaka kisomwe kanisani na kwenye baraza. Ubongo una kemikali za kuutuliza na kemikali za kuuchangamsha. Mkuu wa zile za kutuliza anaitwa GABA, na wa zile za kuchangamsha anaitwa glutamati. Pombe husukuma upande wa kutuliza na kuubana ule wa kuchangamsha. Ndiyo maana mtu akinywa huregea, husema ovyo, na mwisho hulala. Lakini ubongo haupendi kuyumbishwa. Ukiendelea kuukandamiza kila siku, nao unaanza kujirekebisha: unapunguza nguvu ya breki zake wenyewe na kuongeza mafuta, ili huyo mtu aweze kusimama wima akiwa na pombe mwilini. Fikiria boda boda anayeteremka mlima huku mtu amemning'inia nyuma akivuta breki kila siku, kwa miaka. Fundi anamwongezea injini nguvu ili asonge. Sasa mtoe ghafla yule mvuta breki.

Hiyo ndiyo degedege, na hao ndio wadudu ukutani. Kutetemeka huanza saa chache baada ya kikombe cha mwisho. Degedege huja ndani ya siku mbili za kwanza. Halafu kati ya siku ya pili na ya nne huweza kufuata ule mchafuko mkubwa wa akili, homa, moyo kwenda mbio, na wengine hufa nao. Yule mlevi anayeonekana saa kumi na mbili asubuhi akitafuta kikombe cha kuzimua, cha "kutoa lock" kama wasemavyo stejini, hatafuti raha. Raha iliisha zamani. Anajitibu bila kujua. Watu wa pwani wana neno lao la mateso ya kukosa heroini, arosto. Sisi huku hatuna neno. Tunasema tu "anatetemeka", na tunacheka.

Pale hospitali walimpa diazepamu, ambayo husaidia breki zile zile za GABA, halafu wakaipunguza kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Wakampa pia thiamini, vitamini B1, kwa sababu mnywaji wa siku nyingi huishiwa nayo, na ubongo ukiikosa huweza kuharibika kumbukumbu isirudi. Dawa zenyewe ni za zamani na si za bei ya kutisha. Kwa hiyo ukiwa na mtu wako anayekunywa kila siku na anaamka akitetemeka, tafadhali, usimfungie. Mpeleke kwanza akaonwe na mtu anayejua. Kufuli langu bado ninalo, nilikata kulitupa.

Siku tano wakamruhusu. Siku ya tisa alikuwa amelewa. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na ndipo nami nilipoanza kusoma, maana sikuelewa. Mwili ulikuwa umeshasafishwa. Hatetemeki. Amenusurika kifo. Analia, anaomba msamaha, na nina hakika hakuwa anadanganya. Halafu anarudi kule kule. Kwa nini?

Mwaka 1954, huko Montreal, watafiti wawili, James Olds na Peter Milner, walichomeka waya mwembamba ndani ya ubongo wa panya na kumpa panya kitufe cha kujishtua mwenyewe. Waya ukiwa mahali fulani, panya alibonyeza, akabonyeza, zaidi ya mara elfu moja kwa saa. Sehemu hiyo leo tunaijua kama njia ya dopamini, na watu huisimulia kama "kemikali ya raha". Si sahihi sana. Miaka ya tisini Wolfram Schultz aliwapa nyani matone ya juisi huku akisikiliza chembe zao za dopamini. Mwanzoni zililia juisi ilipofika mdomoni. Nyani alipozoea kwamba taa huwaka kabla ya juisi, chembe zikahama: zikawa zinalia taa inapowaka, na juisi yenyewe ikija, kimya. Kwa hiyo dopamini ni mwalimu zaidi kuliko karamu. Inauambia ubongo: kitu hiki ni muhimu, kishike, na shika pia kila kinachokitangulia.

Chakula na mapenzi huamsha mwalimu huyo kwa kiasi. Pombe, bangi, heroini, miraa, kila moja kwa njia yake, humlazimisha apige kelele kuliko somo lenyewe linavyostahili, na tena na tena. Baadaye ubongo hujaribu kujikinga kwa kupunguza masikio yake, kwa hiyo mambo ya kawaida, chai ya moto, mtoto akicheka, timu yako ikishinda, hayaamshi tena kitu. Lakini somo la pombe limeshaandikwa. Ndiyo maana Terry Robinson na Kent Berridge, mwaka 1993, walitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya: kufurahia kitu na kukitaka. Kufurahia kunaweza kufa huku kutaka kunazidi kuota mizizi. Kaka yangu aliniambia kitu hicho hicho bila maabara. "Siipendi. Ninaichukia hata harufu yake. Lakini miguu inajua njia."

Miguu inajua njia. Sasa turudi kwenye ile bonasi, kwa sababu hapo ndipo kijiji kilipofunga kesi. Oktoba hapa kwetu ni mwezi wa bonasi. Mkulima anayepeleka majani kiwandani, iwe Kiamokama au kwingine, hulipwa kidogo kidogo mwaka mzima, kisha Oktoba huja ule mkupuo. Kila mwenye duka huweka muziki mlangoni. Na kila mpikaji wa chang'aa anajua tarehe kuliko benki. Kwa miaka tisa kaka yangu alipokea meseji ya pesa, akatembea njia moja, akapita kichaka cha migomba, akaingia kwenye ua mmoja. Ubongo wake ulijifunza: mlio wa simu, migomba, ua. Miezi minne ya kukaa safi haikufuta somo hilo. Simu ikalia Oktoba. Taa ikawaka. Wiki tatu.

"Si aamue tu?" Ni swali la haki, na nimeulizwa na watu wenye digrii ambayo mimi sina. Tatizo ni kwamba kuamua nako kuna mahali pake. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayopima kesho dhidi ya leo, inayosema ngoja kwanza. Hukomaa mwisho kabisa, karibu na umri wa miaka 25. Matumizi ya muda mrefu huidhoofisha sehemu hiyo hiyo, na hili limeonekana kwenye picha za ubongo mara nyingi, Nora Volkow na wenzake wakiwa miongoni mwa waliozipiga. Unamwambia mtu aamue kwa kiungo kilichoumia. Ni kama kumwambia aliyevunjika mguu atembee hadi hospitali ya mifupa ili athibitishe kwamba anataka kupona. Kaka yangu alianza kuonja akiwa na miaka 15, kwenye matanga, mkononi mwa mtu mzima. Ubongo wa kuamua haukuwa umejengwa bado.

Hapa naomba nisidanganye msomaji. Kuna watu hukunywa miaka yote na hawafiki huko. Kuna wengine huacha wenyewe, bila daktari, na kila mtu Masimba atakutajia mmoja. Ni kweli. Kurithi huchangia karibu nusu ya hatari ya uraibu wa pombe, nusu nyingine ni maisha, kwa hiyo vikombe viwili vinavyofanana haviingii kwenye vichwa vinavyofanana. Na wapo wataalamu wanaosema tumeutia ubongo chumvi, kwamba mazingira ndiyo mwamuzi. Ushahidi wao mkubwa ni wa askari wa Marekani waliokuwa Vietnam. Lee Robins aliwafuatilia waliorudi mwaka 1971. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa amekuwa mraibu wa heroini kule vitani. Waliporudi makwao, mwaka wa kwanza ni takriban asilimia 5 tu ya hao waraibu waliorudia uraibu. Watu husoma hapo, wanapiga makofi: unaona, waliamua!

Soma tena polepole. Hawakuruhusiwa kupanda ndege ya kurudi mpaka mkojo upimwe. Aliyekutwa na dawa alizuiwa kwanza asafishwe. Kisha wakapelekwa maelfu ya kilomita mbali na msitu, bunduki, rafiki wa kuvuta naye na muuzaji. Taa zote za Schultz zilibaki Vietnam. Sasa niambie kaka yangu alipelekwa wapi baada ya siku 90. Alirudishwa kitanda kile kile, njia ile ile, migomba ile ile, na mlio ule ule wa simu. Hadithi ya askari hainipingi. Inanisaidia kusema kwamba ubongo hujifunza mahali, na tiba inayomalizikia kwenye geti la kituo ni nusu ya tiba.

Sasa lile la "alirudia, kwa hivyo haikufanya kazi". Mwaka 2000 Thomas McLellan na wenzake walichapisha ulinganisho katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA. Waliotibiwa uraibu, asilimia 40 hadi 60 hurudia ndani ya mwaka. Wenye shinikizo la damu na wenye pumu ambao dalili hurudi mpaka wahitaji daktari tena ni asilimia 50 hadi 70. Umeona? Bibi yako akipandwa na presha Desemba kwa sababu alisahau vidonge, unasema vidonge havifanyi kazi? Unasema tulimsomesha mgonjwa? Unamrudisha kliniki, wanabadilisha kipimo. Kaka yangu alipoanguka ile Oktoba, tofauti na zamani ni kwamba alikuwa na namba ya kupiga. Alipiga mwenyewe, wiki ya tatu, akilia. Mtu ambaye hajawahi kutibiwa hana namba ya kupiga. Hiyo ndiyo risiti ya mtamba wa mama, kama mzee bado anaitafuta.

Safari ya pili alianzishiwa naltreksoni. Ni kidonge kinachoziba milango ambayo pombe huitumia kuuambia ubongo "tamu hii". Ukinywa juu yake, unalewa lakini ule utamu haupo, na polepole mwalimu anaanza kufuta somo. Si muujiza, wengine hakiwasaidii, na lazima ini lipimwe. Pamoja na kidonge kuna mshauri, kuna kikundi cha Jumatano, kuna kupanga siku. Watu hudharau ushauri nasaha, ati ni maneno. Lakini ubongo uliharibika kwa kujifunza na utatengenezwa kwa kujifunza: njia mpya ya kwenda kituoni, kitu cha kufanya saa kumi na mbili jioni, mtu wa kumpigia. Na ubongo hurudi. Picha za wanywaji walioacha zinaonyesha sehemu zilizosinyaa zikianza kujaa tena, kasi zaidi wiki na miezi ya kwanza, halafu taratibu. Katika wale wa methamfetamini, Volkow aliona mwaka 2001 kwamba sehemu fulani za mfumo wa dopamini zilikuwa zimerejea kwa kiasi kikubwa baada ya zaidi ya mwaka bila dawa. Hiyo ndiyo sababu muda ni dawa yenyewe. Siku tano za dripu husafisha mwili tu, ubongo unahitaji misimu.

Sasa nani anatoa misimu hiyo? Serikali imeshughulika sana na chupa. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria yake maalumu mwaka 1980. Miaka 30 ya kukimbizana migombani. Mwaka 2010 sheria mpya ya vileo ikaifuta ile, ikasema chang'aa inaweza kuuzwa ikitengenezwa kwa viwango na kuwekwa kwenye chupa. Ya migombani ikabaki haramu na ikabaki migombani. Februari 2024 watu wasiopungua 17 walikufa Kangai, Kirinyaga, kwa pombe yenye sumu, na mwezi uliofuata zikatangazwa hatua kali. Tukasikia mengi kuhusu baa na leseni. Sawa, sumu iondolewe. Lakini utafiti wa NACADA wa 2022 ulisema Mkenya mmoja kati ya sita, wa umri wa miaka 15 hadi 65, anatumia angalau kileo au dawa moja. Utawafungia wote stoo gani?

Na sitamrushia mawe mama mpikaji. Wapo wanafunzi wengi Gusii waliofika chuo kwa karo iliyotoka kwenye pipa hilo hilo. Ua aliokuwa akiingia kaka yangu umesomesha mwalimu mmoja wa sekondari, mzuri sana wa hesabu. Hiyo ni makala nyingine.

Ninachouliza ni kwa nini inawezekana kwingine. Dar es Salaam, hospitali ya Muhimbili, walianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini Februari 2011. Kenya ilianza Desemba 2014 pale Mathari, Nairobi, kisha Malindi na Mombasa. Mtu anaenda kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya muuguzi, anaenda kazini. Ilichukua mabishano, wengine wakisema ni kubadilisha dawa kwa dawa, lakini ikafanyika, nadhani kwa sababu heroini ilikuwa imefungamana na HIV na wafadhili walikuwa wanatazama. Chang'aa ya mlimani haina mfadhili. Shirika la Afya Duniani liliingiza naltreksoni na akamprosati kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023 kwa ajili ya uraibu wa pombe. Dawa muhimu, sawa na za malaria. Nenda leo kaulize naltreksoni kwenye zahanati ya kijijini kwako, uone utakavyotazamwa.

Sidai jengo. Tumejengewa majengo ya kutosha, mengine yana mbuzi. Nadai vitanda viwili vitatu katika hospitali ya kila kaunti ndogo kwa ajili ya watu kusafishwa pombe bila kufa, diazepamu na thiamini zisizoisha, muuguzi mmoja aliyefunzwa, na mshauri anayelipwa kukaa na watu mwaka mzima na si siku 90. Kama hilo lingekuwepo, mama asingekalishwa mezani na watoto wawili na mtamba mmoja. Hakuna mzazi mwenye mtoto wa saratani anayeambiwa amesomesha saratani.

Wewe utaniuliza kama nina uchungu. Ninao. Wenzangu walihitimu, niliona picha, nilizima simu siku mbili. Kuna usiku nilimchukia kaka yangu akiwa amelala chumba cha pili, mzima, anakoroma, na mimi nahesabu maneno ya makala ya mtu mwingine kuhusu rangi za nyumba. Sikuulizwa vizuri kama nakubali, mama alisema tu, "Wewe utarudi shule hata ukiwa na miaka thelathini. Yeye hatafika thelathini na tano." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Sasa ni miezi 14. Anachuma chai yetu na ya majirani wawili. Bonasi ya mwaka huu haiingii kwenye simu yake. Amemwandikisha mama, ni yeye aliyeomba. Wiki hiyo nitakuwa natembea naye kwenda kituoni asubuhi na kurudi jioni, kwa njia ya juu inayopita shuleni. Ni ndefu kwa karibu kilomita moja na ina matope, na gunia la majani ni zito, kwa hiyo tutapokezana.